Vidonda vya Kinywani Baada ya Dawa za Saratani: Unga wa Kijapani au Maji ya Chumvi?

Juma hili nimepokea barua kutoka Garsen, katika Kaunti ya Tana River. Mwandishi wake ni kijana anayemuuguza mama yake. Nimeona si vyema nimjibu peke yake, kwa kuwa jambo linalomsumbua linazikumba nyumba nyingi siku hizi, na mara nyingi watu hulinyamazia. Ameandika hivi:

"Daktari, mama yangu anatibiwa saratani ya titi Mombasa. Kila akidungwa ile dawa nyekundu, haifiki hata juma moja kabla mdomo wote haujawa kidonda. Hali, hanywi, hata mate kuyameza ni kazi. Sasa amesema harudi tena Mombasa, heri afe na saratani yake. Binamu yangu aliye ng'ambo anasema Wajapani wana unga wa mitishamba unaoponya vidonda hivyo, na yuko tayari kuununua na kuutuma. Hapa nyumbani jirani ametuletea majani ya mwarobaini na kipande cha shabu. Tumpe kipi?"

Swali hili ni zuri na lina pande tatu: unga wa Kijapani, dawa zetu za nyumbani, na mama aliyekata tamaa. Nitazijibu zote tatu. Lakini kwanza tuelewe kwa nini dawa inayodungwa mkononi kwa ajili ya titi inakuja kuumiza ulimi.

KWA NINI KINYWA?

Saratani ni chembe za mwili zilizoasi. Zinazaana upesi na bila mpango. Dawa za kemotherapia, ambazo wagonjwa wengi huziita "kemo" kwa ufupi, zimetengenezwa kuzisaka chembe zinazozaana haraka na kuziua. Shida ni kwamba dawa hizo haziwezi kutofautisha vyema kati ya chembe ya saratani na chembe njema ambayo kwa maumbile yake pia huzaana haraka.

Mwilini mwako kuna chembe njema za aina hiyo. Kuna zile za mizizi ya nywele, ndiyo maana nywele hunyonyoka. Kuna zile za ndani ya mifupa zinazotengeneza damu. Na kuna zile za ngozi laini inayofunika ndani ya kinywa, koo na matumbo. Ngozi hii ya kinywa hujibadilisha kila baada ya siku chache, kwa kuwa inasuguliwa na chakula, meno na vitu vya moto mchana kutwa. Kemo inapozuia chembe mpya kuzaliwa, zile za zamani zinaendelea kuchakaa bila kupata warithi. Ngozi inakuwa nyembamba, nyekundu, kisha inachubuka. Hapo ndipo vidonda vinapotokea.

Kwa kawaida vidonda hivi huanza kati ya siku ya tano na ya kumi baada ya kudungwa dawa, na hupona katika muda wa majuma mawili au matatu, mwili unapopata nafasi ya kujijenga upya. Si kila mgonjwa anayevipata, wala si kila dawa inayovileta kwa kiasi kimoja. Ile dawa nyekundu aliyoitaja kijana wetu, ambayo jina lake ni doksorubisini, inajulikana kwa jambo hili. Vivyo hivyo fluorourasili, inayotumiwa sana kwa saratani ya utumbo mpana, na methotreksati. Mgonjwa anayepigwa miale kichwani au shingoni hupata vidonda vikali zaidi.

Kwa hivyo jambo la kwanza la kumwambia mama ni hili: vidonda hivyo si saratani iliyohamia mdomoni, wala si ishara kwamba mtu amemtendea vibaya. Ni dawa inayofanya kazi yake na kupitiliza mpaka.

UNGA WA KIJAPANI NI KITU GANI?

Binamu hakusema uongo. Unga huo upo, na jina lake ni hangeshashinto. Ni mojawapo ya dawa za jadi za Japani zinazoitwa kwa jumla kampo. Asili yake ni China, katika maandishi ya tabibu Zhang Zhongjing aliyeishi yapata miaka 1,800 iliyopita. Wajapani waliichukua elimu hiyo, wakaifanya yao na kuitumia kwa karne nyingi. Tangu zamani dawa hii ilikuwa ya tumbo: kichefuchefu, kuharisha na tumbo linalonguruma.

Ndani yake mna mimea saba. Baadhi yake ungeitambua hata ukiwa Garsen. Mna tangawizi iliyochakatwa na kukaushwa. Mna urukususu, ule mzizi mtamu unaouzwa na wauza dawa za Kiarabu. Mna tunda la jamii moja na kunazi, ambazo watoto huziokota chini ya mikunazi. Mna jinsengi. Mitatu iliyobaki ni mizizi ya huko Mashariki ya Mbali ambayo haina jina kwetu: skutelaria, koptisi na pinelia. Koptisi ni chungu kama shubiri na rangi yake ni ya manjano.

Hapa nataka uzingatie jambo moja. Ile pinelia ikiwa mbichi ni sumu inayowasha. Ukiitafuna, ulimi na koo vitakuwasha na kuvimba. Ni lazima ichakatwe kwa utaratibu maalumu kabla haijawa dawa. Yaani, mmojawapo wa mimea inayotumiwa kutuliza kinywa unaweza kukiunguza kinywa hicho hicho ukiandaliwa na mtu asiyejua. "Ni miti tu, haina madhara" ni maneno tunayoyasikia kila siku sokoni, lakini si maneno ya kweli.

Kule Japani unga huu hauuzwi na mtu aliyeketi kando ya barabara. Unatengenezwa viwandani, kila pakiti ina kipimo chake, na unaandikwa na daktari aliyesomea udaktari wa kisasa. Bima ya afya ya taifa ilianza kulipia dawa chache za kampo mwaka wa 1967, ikaongeza nyingine nyingi mwaka wa 1976, na leo inalipia mchanganyiko wa aina 148. Hivyo mgonjwa wa saratani aliye Tokyo hupata kemo yake na unga wake chini ya paa moja, kwa daktari yule yule, na yote yameandikwa katika faili moja.

MAJARIBIO YAMEONYESHA NINI?

Wajapani hawakuridhika na sifa za wazee. Walitaka kujua kama kweli unga huu unasaidia vidonda vya kemo. Wakachukua wagonjwa ambao walikuwa wamewahi kupata vidonda katika duru iliyotangulia, wakawagawanya mafungu mawili kwa bahati nasibu. Fungu moja likapewa unga wa kweli, la pili likapewa unga wa bandia unaofanana nao. Wagonjwa waliukoroga majini na kusukutua mara tatu kwa siku.

Jaribio moja lilihusu wagonjwa 90 wa saratani ya utumbo mpana, na matokeo yake yalichapishwa mwaka wa 2015. Waliopata vidonda vya kadiri au vikali walikuwa kama 49 kati ya kila 100 kwa waliotumia unga, na kama 57 kati ya kila 100 kwa waliotumia wa bandia. Tofauti hiyo ni ndogo, na yaweza kuwa imetokea kwa bahati tu. Lakini muda wa kuumwa ulipungua: siku 5 na nusu kwa waliotumia unga, siku 10 na nusu kwa wale wengine. Kwa mtu asiyeweza kumeza mate, siku tano si jambo dogo.

Jaribio la pili lilihusu wagonjwa 91 wa saratani ya tumbo na lilichapishwa mwaka wa 2014. Hapa unga haukuonyesha faida ya maana. Vidonda viliwapata watu 40 hivi kati ya 100 kwa kila upande, na muda wa kuumwa ulikuwa siku 14 kwa hawa na 16 kwa wale, tofauti isiyoweza kutegemewa.

Kwa hivyo, msomaji, ukiulizwa kama unga huo unaponya kabisa, jibu ni hapana. Hauzuii vidonda. Huenda ukafupisha muda wake kwa baadhi ya wagonjwa. Mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2020 kuhusu vidonda vya kinywa vya wagonjwa wa saratani haukuuweka miongoni mwa dawa zinazopendekezwa.

JE, UAGIZWE HADI GARSEN?

Ushauri wangu ni kwamba fedha hizo zitumiwe kwa mambo mengine, na nina sababu tatu.

Kwanza, majaribio yale yalihusu saratani ya utumbo na ya tumbo, kwa dawa za jamii ya fluorourasili. Mama huyu anatibiwa saratani ya titi kwa dawa nyingine.

Pili, unga wenyewe una madhara yake. Urukususu ukitumiwa kwa wingi au kwa muda mrefu hupandisha shinikizo la damu na kupunguza madini ya potasiamu mwilini, jambo linaloweza kuuyumbisha moyo. Skutelaria imewahi kuhusishwa na madhara ya ini na ya mapafu. Mgonjwa wa shinikizo la damu, au anayemeza vidonge vya kupunguza maji mwilini, asiuguse bila daktari wake kujua.

Tatu, pakiti inayopita mikono mitano kutoka ng'ambo hadi Garsen huwezi kuapa kilichomo. Palipo na mgonjwa aliyekata tamaa, matapeli hawakosi.

Kama binamu ameshautuma, usiumwage wala usiufiche. Mpelekee daktari wa saratani pakiti yenyewe, aisome na aamue.

NA DAWA ZETU ZA NYUMBANI?

Usidhani kwamba ninadharau mitishamba yetu. Hapa Kenya, taasisi ya utafiti ya KEMRI ina kituo kinachochunguza dawa za asili. Tofauti kati ya unga wa Kijapani na majani ya jirani haiko kwenye rangi ya aliyeyachuma. Iko kwenye kipimo. Ule umepimwa, ukashindwa mahali na ukafaulu mahali, na matokeo yote yakaandikwa. Majani ya jirani hatujui ni mangapi, yachemshwe kwa muda gani, wala yanagongana vipi na kemo.

MWAROBAINI: Usimpe anywe katika siku za kemo. Ini lake tayari lina kazi kubwa ya kuichuja dawa ile, na mitishamba mikali huweza kulielemea au kubadilisha nguvu ya dawa. Sijaona jaribio la kuaminika la mwarobaini kwa vidonda vya kemo.

SHABU: Usitumie. Shabu hukausha na kukaza ngozi. Kwenye ngozi iliyochubuka inachoma tu. Vivyo hivyo ndimu, chumvi kavu, karafuu na maji ya kusukutua ya dukani yenye spiriti.

DAWA YA ZAMBARAU: Wengi hupakwa dawa hii. Kazi yake ni kuua ukungu, haitibu mchubuko wa kemo. Tena rangi yake humzuia daktari kuona kilicho chini.

ASALI: Hapa tuna habari njema kidogo. Mwaka wa 2003 madaktari wa Malaysia walitangaza matokeo ya wagonjwa 40 waliokuwa wakipigwa miale kichwani na shingoni. Waliotumia asali mililita 20, yaani kama vijiko vinne vya chai, kabla na baada ya miale, walipata vidonda vikali 20 kati ya 100. Wasiotumia walipata 75 kati ya 100. Mwongozo ule wa mwaka 2020 unaikubali asali kwa wagonjwa wa miale ya kichwa na shingo. Kwa kemo peke yake ushahidi ni mdogo. Mgonjwa asiye na kisukari akipenda kulamba asali safi iliyokaguliwa, isiyochanganywa na maji ya sukari, amuulize daktari wake kwanza, kisha asukutue baadaye ili meno yasioze.

BARAFU: Kwa wanaodungwa fluorourasili kwa mkupuo mmoja, kuna kinga rahisi iliyothibitishwa. Mgonjwa hunyonya vipande vya barafu kuanzia dakika 5 kabla ya sindano hadi itimie nusu saa. Baridi hubana mishipa ya kinywa na dawa inayofika hapo inakuwa kidogo. Barafu hiyo itengenezwe kwa maji yaliyochemshwa. Lakini anayepewa oksaliplatini asijaribu, kwa sababu dawa hiyo hufanya baridi imuumize. Muulize muuguzi wako ni dawa gani unayopewa.

MAJI YA CHUMVI: DAWA ILIYO JIKONI

Sasa nifike kwenye jambo ambalo ningependa ulikate na kulibandika ukutani. Ukichunguza majaribio ya dunia nzima, utaona kila fungu, liwe la unga wa kweli au wa bandia, linahitaji msingi ule ule: kinywa safi. Bila msingi huo hakuna dawa itakayofaa.

1. Chemsha lita moja ya maji, yaache yapoe. Tia kijiko kimoja cha chai cha chumvi na kijiko kimoja cha chai cha bikaboneti ya soda, ule unga mweupe wa kuumulia mandazi. Usitumie hamira, wala magadi ya kulainishia maharagwe. Koroga. Sukutua taratibu kwa nusu dakika, tema. Fanya hivyo baada ya kila mlo, kabla ya kulala, na kila saa chache unapokuwa macho. Tengeneza mapya kila siku.

2. Maji yawe yamechemshwa kila mara. Wakazi wa kando ya Mto Tana wanajua mto ukifurika, kama ulivyofanya mwishoni mwa mwaka 2023 na tena mwaka 2024, maji ya visima na vyoo huchanganyika. Mtu mwenye afya ataharisha. Mgonjwa wa kemo anaweza kupoteza maisha.

3. Piga mswaki laini mara mbili kwa siku au zaidi. Mswaki wa mti ni mzuri kwa mtu mzima wa afya, lakini nyuzi zake ni ngumu kwa fizi zilizochubuka. Ukishindwa hata na mswaki laini, funga kitambaa safi chenye maji ya chumvi kidoleni na kupangusa.

4. Meno ya bandia yatolewe usiku, na mchana pia kama yanasugua.

5. Paka midomo mafuta mepesi isipasuke.

6. Kabla ya kuanza kemo, nenda kwa daktari wa meno. Jino bovu liling'olewe mapema, kwa ruhusa ya daktari wa saratani. Jino lililooza wakati wa kemo ni mlango wa maradhi.

7. Acha sigara, ugoro, tambuu, muguka na mnazi. Najua ni ushauri mgumu. Lakini kutafuna muguka juu ya vidonda ni kama kutia mchanga katika jicho.

CHAKULA NA MAUMIVU

Mgonjwa asiyekula hupungua nguvu, na asiye na nguvu huahirishiwa dawa. Mpe chakula laini, kisicho moto wala kikali: mashendea, uji mwepesi wenye maziwa, ndizi za kuchemsha zilizopondwa, samaki aliyetolewa miba vizuri, mayai yaliyoiva sawasawa, supu iliyopoa. Maziwa yachemshwe hata kama ng'ombe ni wako na unamjua kwa jina. Maziwa yaliyoganda yanaweza kuwasha, na yakitokana na maziwa mabichi yana hatari. Embe bivu sana huliwa na wengine bila shida, bichi liachwe. Pilipili, achari, ukwaju, viazi vya karai na mkate mkavu vingoje hadi kinywa kipone.

Mgonjwa Mwislamu anayetibiwa wakati wa Ramadhani asijilazimishe kufunga huku kinywa kimekauka. Dini imempa mgonjwa ruhusa. Azungumze na imamu wake na daktari wake.

Kuhusu maumivu, usinunue aspirini wala ibuprofeni dukani, maana zinaweza kuleta kutokwa na damu wakati ambapo chembe za kugandisha damu zimepungua. Mwambie daktari ukweli. Kuna dawa za kusukutua za kutia ganzi, na maumivu yakizidi kuna mofini ya kunywa. Usiogope jina lake. Ikitolewa kwa kipimo na daktari, humwezesha mgonjwa kula na kulala.

Ukiona utando mweupe kama maziwa yaliyoganda kwenye ulimi, huenda ni ukungu ulioingilia. Huo una dawa yake, kama nistatini, na usiachwe ukashuka kooni.

HOMA: HAPA NDIPO PENYE KIFO

Nimeeleza kwamba kemo hupunguza pia chembe za damu. Chembechembe nyeupe, ambazo ni askari wa mwili, hupungua sana kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya sindano. Hesabu mwenyewe: ndizo siku zile zile ambazo kinywa kimechubuka. Yaani ukuta wa mji umebomoka siku ile askari wamekwenda likizo. Vijidudu vinavyoishi kinywani siku zote bila kutudhuru hupenya vidondani na kuingia katika damu.

Nitakusimulia kisa kimoja, na lawama ni yangu. Miaka kadhaa iliyopita alinijia mzee mmoja mvuvi kutoka kijiji cha delta, siku ya nane baada ya kemo. Alilalamikia mdomo tu. Nikamwandikia dawa ya maumivu, nikamweleza maji ya chumvi, akaenda zake. Sikumweleza habari ya homa. Siku mbili baadaye joto likapanda. Nyumbani wakasema ni malaria, kama ambavyo kila joto la mwili huitwa malaria katika sehemu zile. Wakanunua vidonge dukani na kumchemshia majani. Siku ya tatu alipoletwa kwenye machela alikuwa haongei. Tulimtundikia maji na antibayotiki za mshipani na kumkimbiza hospitali kubwa usiku huo. Aliponea chupuchupu. Mkewe aliniuliza, "Daktari, mbona hukutuambia?" Sikuwa na jibu. Tangu siku ile hakuna mgonjwa wa kemo anayetoka chumbani kwangu bila kulirudia sharti lifuatalo kwa sauti.

Nunua kipimajoto na ukiweke nyumbani. Mgonjwa wa kemo akifikia nyuzi 38 za Selsiasi au zaidi, au akitetemeka kwa baridi, ni dharura ya saa ile ile. Usimpe panadoli ukangoja asubuhi. Usianze na dawa ya malaria. Mpeleke kituo cha afya kilicho karibu, na uwaambie neno hili la kwanza kabisa: "Huyu yuko kwenye kemotherapia." Apimwe malaria, ndiyo, lakini apimwe pia hesabu ya damu na aanzishiwe antibayotiki bila kuchelewa. Beba kadi yake ya matibabu yenye jina la dawa na tarehe aliyodungwa.

Kwa mkazi wa Garsen jambo hili lina uzito wa pekee. Kituo cha saratani cha Coast General, Mombasa, kiko zaidi ya kilomita 200 kutoka hapo, na kile cha Garissa hakiko karibu. Mvua ikinyesha barabara hukatika. Kwa hivyo usipange kuikimbilia Mombasa homa ikianza. Anzia hospitali ya Ngao, Hola au Malindi, kulingana na upande uliko, wao wawasiliane na Mombasa. Chukua mapema namba ya simu ya wadi ya saratani. Wakati wa mafuriko, fanya mpango wa kukaa na jamaa mjini katika siku zile za hatari, kama inawezekana.

Dalili nyingine za kumkimbiza ni hizi: kushindwa kunywa maji kwa siku nzima, kukojoa kidogo mkojo wenye rangi ya chai, damu isiyokoma kinywani, kuharisha sana, au kupumua kwa shida.

MAMA ALIYESEMA HARUDI

Nimalizie na huyu mama, maana ndiye mwenye barua hata kama si yeye aliyeiandika.

Kijana wangu, usimkaripie mama yako wala usimtishe kwa kifo. Ameshakuwa nacho usiku mwingi kuliko wewe. Mwulize kinachomshinda ni nini hasa. Nina hakika atakutajia maumivu ya mdomo kabla ya kuitaja saratani. Basi mwambie kwamba maumivu hayo yana njia. Daktari wake akijua jinsi duru iliyopita ilivyomtesa, anaweza kupunguza kipimo kidogo, kuahirisha kwa juma moja, kumpa dawa ya maumivu kabla hayajaanza, au kubadilisha dawa. Lakini daktari hawezi kutibu asichoambiwa. Wagonjwa wengi hufika kliniki siku ya 21, kinywa kimeshapona, wakiulizwa hali wanasema "nzuri, alhamdulillahi," na dawa inarudiwa kwa kipimo kile kile. Mficha maradhi kifo humuumbua.

Nunua daftari la kurasa chache. Andika tarehe ya sindano, siku vidonda vilipoanza, siku aliposhindwa kula, joto lake asubuhi na jioni, na kila kitu alichomeza, yakiwemo majani ya jirani. Lichukueni daftari hilo mpaka Mombasa na kumpa daktari kabla hajauliza. Wajapani walifika walipofika na unga wao kwa daftari la namna hiyo.

Kwa swali lako, basi: unga wa Kijapani uache, shabu itupe, mwarobaini urudishe kwa jirani pamoja na shukrani. Leo jioni chemsha lita moja ya maji, tia chumvi na bikaboneti, na umsaidie mama asukutue. Kisha mwombe akubali kurudi mara moja tu, si kudungwa, bali kuzungumza. Niandikie unijulishe alivyojibiwa.

Hadi juma lijalo, nakutakia afya njema.